Jinsi ya kwenda na fasheni kwa umri wako na mwili wako, bila kuharibiwa kitambaa

Kila Disemba ikikaribia simu yangu inajaa picha. Picha yenyewe utaikuta ni ya dada mmoja wa Lagos kavaa lesi ya koseti, kiuno kama cha dondora, kasimama kwenye taa za studio, na chini yake ujumbe unasema dada nataka kama hii, sendofu ni Jumamosi. Na siku hiyo ni Jumatano. Mi nimekaa kwenye cherehani miaka tisa, nilianzia sebuleni kwa mama mkwe afu baadae nikapata fremu, na nachotaka kukwambia ni kwamba yule dada wa Lagos hajapendeza kwa sababu ya mtindo, kapendeza kwa sababu ya vipimo. Gauni limeshonewa juu ya mwili wake, amelijaribu mara mbili tatu, ndani kuna bitana na vijiti vya koseti ambavyo wewe kwenye picha huvioni. Ukimpelekea fundi picha tupu bila hivyo vingine ataigiza picha, na ukilivaa utajishangaa kwenye kioo.

Kwa hiyo maelekezo yangu yanaanzia kabatini kwako, nivumilie kidogo.

Toa nguo tatu ambazo ukiwa na haraka ndo unazozikimbilia, na ukizivaa lazima mtu akuulize umeshona wapi. Zitandaze kitandani uziangalie kama vile sio zako. Shingo ikoje, mkono unaishia wapi, kiuno cha gauni kimekaa kwenye kiuno chako cha kweli au kimepanda chini ya matiti, pindo linagusa goti au shavu la mguu. Utashangaa, mara nyingi nguo zote tatu zinafanana kitu kimoja ambacho hujawahi kukigundua. Mimi zangu zote zina shingo ya V na mkono wa robo tatu, na miaka yote nilikuwa nalilia shingo ya kola juu kwa sababu ndo ilikuwa inatembea, nikivaa naonekana kama nimemezwa. Chukua futi sasa uipime ile nguo inayokukaa vizuri kuliko zote, upime nguo yenyewe, bega kwa bega, kwapa kwa kwapa, urefu kutoka begani mpaka kiunoni na mpaka chini, uandike kwenye simu kwa inchi sababu mafundi wetu tunafikiri kwa inchi. Hizo namba ni mali. Ukienda kwa fundi mgeni, ukiagiza nguo mtandaoni, ukiwa mtumbani huna pa kujaribia, unazo.

Ukipimwa mwili vaa sidiria ileile utakayovaa siku yenyewe, maana sidiria iliyolegea inashusha kifua na mshono wote wa mbele unakosa mahali pake. Hipsi zinapimwa pale palipojaa kuliko pote, wengi ni kama inchi 8 hivi chini ya kiuno, sio pale fundi anapoona aibu kushika. Na usibane tumbo jamani, tumbo hilo utakuja nalo kwenye sherehe na utakula pilau.

Tuje kwenye kitambaa, hapa ndo hela nyingi inapotea kimyakimya. Kitenge kwanza. Watu wanasema wax, wax, wanauziwa print. Geuza kitambaa uangalie nyuma. Wax ya kweli rangi imeingia pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa kwa sababu ule mchoro umefungwa kwa utomvu kabla ya kutiwa rangi, na utaona mistari midogomidogo kama nyufa za tope lililokauka, haijirudii. Ukigeuza ukakuta nyuma kumepauka kama karatasi hiyo ni print ya kawaida, sio dhambi kuivaa, ila usiilipie bei ya wax. Soma na maandishi ya pembeni kwenye ukingo. Vlisco, wale watengenezaji wa wax, wako Helmond, Uholanzi, tangu 1846, walianza kwa kuiga batiki za Java afu soko likaja kuwa huku Afrika, sasa hivi vitambaa vyenye jina lao viko vya kweli na viko vya kuigiza, na vya kuigiza navyo vina maandishi, kwa hiyo maandishi peke yake yasikulaze, shika kitambaa, kikunje kwenye ngumi, kiachie. Kikibaki na ukakasi kama wa unga mkononi hicho ni stachi, kikifuliwa kitalegea kama leso ya kupengea.

Kitenge chochote cha pamba kiloweke kabla hakijaenda kwa fundi. Ndoo ya maji baridi, chumvi kidogo, usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi. Kinarudi kidogo, na bora kirudi kikiwa bado kitambaa kuliko kirudi kikiwa gauni. Pisi nzima ni yadi 6, kama mita tano na nusu. Gauni refu la mwili wa kawaida lenye mikono linakula yadi 4, ukitaka marinda au mkia wa samaki chukua yote 6, na ukibaki na yadi mbili una sketi au una blauzi ya mtoto.

Afu mchoro. Huu naujua kwa machungu. Mwaka wangu wa pili wa kushona aliletwa kwangu mama mmoja mtu mzima, shangazi wa bwana harusi, na kitenge chenye maduara makubwa kama santuri. Nikakata kama navyokata siku zote, nikaunga, nikapiga pasi, nikamvalisha. Maduara mawili yamekaa katikati ya matiti, sawasawa kabisa, kama taa za lori. Yule mama hakusema kitu, alijiangalia kwenye kioo, akaniangalia, akavaa mtandio juu yake na akaenda nao hivyohivyo mpaka ukumbini, na hela akanilipa yote, kitu ambacho kiliniuma kuliko angenitukana. Tangu siku hiyo kitambaa cha mchoro mkubwa nakitundika kwanza mbele ya mteja mbele ya kioo, tunaamua pamoja ua likae wapi, na nawe mwambie fundi wako afanye hivyo kabla hajashika mkasi. Ndege wasiwe kichwa chini. Jicho lisikae makalioni. Mchoro mkubwa unataka mshono rahisi, marinda na vipande vingi vinaukatakata. Mchoro mdogo ndo unaovumilia mikono ya puto na mbwembwe nyingine.

Lesi nayo kaa chonjo. Lesi nzuri ina uzito, nyuzi hazichomoki ukivuta kwa kucha, na inataka bitana ya rangi ya ngozi yako au rangi yake yenyewe, sio ile satini nyeupe ya kubahatisha. Fundi akikwambia bitana sio lazima anataka kumaliza haraka.

Sasa umri. Mi siamini zile sheria za ukifika 40 usivae hiki, zimetungwa na watu wasio na kazi. Ila mwili unabadilika, mahali unapokwenda panabadilika na hela mfukoni inabadilika, hivyo vitatu ndo vya kuangalia.

Ukiwa kwenye 18 mpaka 25 hela yako peleka mtumbani. Sasa hivi modo, zile suruali za kubana, zimepumzika, jinzi za bwanga zimerudi, mashati makubwa, top fupi, raba nyeupe, yote hayo yako mtumbani tele kwa sababu kina mama wa Ulaya walivaa miaka ya 90 na 2000 wakayatoa. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa, vaa taiti na top inayobana ili uweze kujaribia juu yake palepale, toa nguo nje kwenye mwanga wa jua maana chini ya turubai rangi zote zinadanganya. Angalia kwapa, angalia kati ya miguu, vuta zipu juu chini mara mbili, angalia pindo kama limewahi kushushwa. Kikikuzidi kiuno usiache, fundi anapunguza kiuno cha jinzi kwa hela ya chipsi, lakini bega la koti likikuzidi liache hapohapo sababu kulihamisha bega ni kazi kuliko kushona koti jipya. Ilala, Karume, Gikomba kule Nairobi, Owino Kampala, utaratibu ni uleule. Kigali hali ni nyingine, 2016 Rwanda walipandisha ushuru wa mitumba mpaka dola 2.50 kwa kilo, Marekani wakakasirika na 2018 wakaisimamishia nguo zake ile nafuu ya AGOA, ya kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, kwa hiyo nguo ya mtu mwingine inaweza kuwa siasa mpaka Washington. Mdogo wangu nayekuandikia hii, kitu kimoja tu: usivae mitindo yote siku moja. Jinzi ya bwanga sawa, basi juu iwe kitu cha kukaa mwilini, ukivaa bwanga na shati la bwanga na koti la bwanga utakuwa mtundiko wa nguo.

Miaka ya 30 ndo yenye vurugu. Ofisi, mtoto mchanga, kamati za harusi nne kwa mwaka, kila kamati na sare yake. Hapa ushauri wangu ni gauni la kufunga, lile linalopishana mbele na kufungwa mkanda pembeni. Dizaina Diane von Furstenberg alilipeleka sokoni New York 1974 na watu wakalipapatikia, na sababu iko wazi kabisa kwa mtu wa cherehani, halina zipu, kiuno unakiamua mwenyewe asubuhi, ukiongezeka kilo tatu linakupokea, ukinyonyesha linafunguka. Shona moja la rangi moja la kazini, rayoni au krepu inayoanguka, na moja la kitenge la Ijumaa. Lipishane vya kutosha, mwambie fundi angalau inchi 10 mpaka 12 za kupishana chini, na akuwekee kishikizo kidogo cha siri pale kifuani, vinginevyo upepo wa feri ya Kigamboni utakuadhiri. Koti la suti liko kwenye fasheni likiwa kubwa kidogo, mabega mapana, hilo ni zuri kwa wenye hipsi pana kama sisi wengi maana linasawazisha juu na chini, ila mikono ikunjwe au ikatwe iishie kwenye kifundo, mkono unaofika kwenye vidole unakufanya uonekane umeazima la baba.

Na sketi ya solo, ile nyoofu inayobana. Nzuri, ya heshima, inakaa. Ila jiulize unakwenda vipi kazini. Kama ni bodaboda, solo bila mpasuo ni adhabu, utakaa upande kama gunia la mkaa na dereva hataki. Mpasuo wa nyuma wa inchi 7 au 8, uungwe vizuri juu kwa kushonewa kipembe, la sivyo siku ya kwanza ukipanda ngazi ya daladala utasikia praa.

Kuanzia 40 kuna kitu naona kinanikera. Mwanamke alikuwa anavaa vizuri miaka yote, anafika hapo anaingia kwenye dera na hatoki tena. Dera halina ubaya, mi nyumbani nashinda nalo, na dera la kitambaa kizuri na gagulo lake mtu anakwenda nalo shughulini akang'aa. Tatizo ni kujificha. Tumbo limekuja, mikono imenenepa, unaona bora nijifunike vyote. Kumbe ukijifunika vyote unaonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa sababu nguo inaanguka kutokea sehemu pana kuliko zote, kifuani, na kushuka moja kwa moja kama pazia. Tafuta sehemu yako moja nyembamba, kila mtu anayo, kwa wengi ni pale chini ya matiti au ni kifundo cha mkono au ni shavu la mguu, na hiyo ndo uionyeshe. Gauni lililokatwa chini ya matiti na kuachia kidogo, mkono wa robo tatu, urefu wa katikati ya shavu la mguu, hapo tumbo limepita salama. Kama umeingia kwenye lile joto la ghafla la umri, achana na polista kabisa, hasa Dar, Tanga, Mombasa, vaa pamba, lineni, rayoni, na badala ya nguo moja nzito vaa mbili nyepesi, ya juu uweze kuvua kwenye kikao bila kuaga. Walioko Njombe, Arusha na Mbeya wanaweza kunicheka hapa, nyie endeleeni na masweta yenu Juni na Julai.

Bibi zetu ndo nawapenda kuwashonea. Miaka 60, 70, mgongo unaanza kuinama kidogo, kwa hiyo gauni la vipimo vya kawaida nyuma linapanda na mbele linashuka, ukimuona kwa pembeni pindo limepinda. Mwambie fundi apime urefu wa nyuma na urefu wa mbele mbalimbali, kutoka shingoni mpaka chini, aongeze nyuma hata inchi moja au mbili kama inahitajika. Zipu iwekwe mbele au pembeni au vifungo vikubwa, kwa sababu mkono wenye maumivu ya bega haufiki mgongoni na bibi hatakwambia, atalisifia tu gauni na halivai tena. Mifuko miwili, lazima, ya simu na ya leso na ya zile peremende. Na rangi! Nani kasema bibi avae kahawia? Iris Apfel wa New York alifariki 2024 akiwa na miaka 102 na mpaka mwisho alikuwa anavaa mabangili mpaka kwenye kiwiko na miwani mikubwa kama sahani, kampuni ya wanamitindo ilimsainisha akiwa na miaka 97. Bibi yangu mzaa mama hamjui huyo ila wana akili moja, yeye kanga zake anazipanga kwa jina, ile yenye maneno makali anaivaa siku ambayo wifi yake anakuja kumtembelea. Doti ya kanga ukiitoa iende kwa fundi, tafadhali, maandishi yabaki yanasomeka, yakae kwenye pindo la chini au mgongoni, kukata jina la kanga katikati ni kama kumkatisha mtu maneno.

Ladha sasa, maana umri mmoja sio ladha moja.

Kuna wanaopenda stara, na hapa naongea na Mombasa, Unguja, Tanga na mashosti walioko Maskati na Dubai. Abaya inaonekana kazi rahisi, sio. Abaya haifichi bega baya. Mshono wa bega ukiwa umeshuka kusikotakiwa kitambaa chote kinavutwa na unatembea unajirekebisha. Pima urefu ukiwa umevaa viatu utakavyovaa, pindo liinuke kidogo kutoka chini, nusu inchi hivi, usifagie barabara. Kitambaa cha nida kinatulia na hakishiki mwili kwa joto, krepu nzito inaanguka vizuri zaidi usiku. Rangi za udongo, zambarau iliyopoa, kijani cha mzeituni, zimeingia sana na ni nzuri kwa ngozi zetu, ila mtandio usiwe rangi ileile kabisa ya abaya kama kitambaa ni kingine, maana rangi mbili zinazokaribiana bila kukutana zinaonekana makosa. Chukua iliyo hafifu zaidi au iliyokoza zaidi waziwazi.

Wa suruali, kina dada msiotaka sketi hata kwa fimbo, sherehe sio lazima gauni. Suruali pana ya satini nzito kiunoni juu, blauzi ya kitenge yenye mikono ya puto, hereni kubwa, umemaliza, na kwenye kucheza utawashinda wote.

Na kuna wale wa kimyakimya, rangi moja, hakuna maua, hakuna shanga. Hao nawaheshimu na ndo wateja wagumu kuliko wote kwa sababu nguo tupu haina pa kuficha mshono uliopinda. Kwenu nyinyi hela yote iende kwenye kitambaa na pasi.

Hapo ndo tunafika kwenye madizaina, kwamba ulipe hela ya dizaina lini. Watu wawili wamekosea hapa, anayesema dizaina ni kujionyesha tu fundi wangu anaweza, na anayenunua jina. Ukitaka kujua kama nguo ina thamani yake igeuze ndani nje kabla hujaangalia bei. Ndani kuwe kumemalizwa, nyuzi hazining'inii, bitana iko huru kidogo haivuti. Mchoro ukutane kwenye zipu na kwenye mishono ya pembeni, yaani ua lililokatwa kushoto limaliziwe kulia, hilo linakula kitambaa cha ziada na muda, na fundi wa kulipua hawezi kukufanyia. Pindo liwe na nafasi ya kushushwa. Zipu isimame wima. Vyote vikiwepo unalipia kazi. Visipokuwepo unalipia lebo.

Hapa kwetu wapo. Mustafa Hassanali, ambaye kwa masomo ni daktari wa watu kabisa, ndo aliyeanzisha Swahili Fashion Week Dar mwaka 2008, na ukienda kukaa pale mbele ya jukwaa usiangalie wanamitindo, angalia mabega ya nguo wakigeuka. Zanzibar kuna Doreen Mashika, duka lake liko Mji Mkongwe, anachanganya kitenge na kanga na ngozi kwenye mikoba na viatu. Nairobi kuna KikoRomeo tangu 1996. Kigali kuna Moshions, kazi zao za shanga na mistari ya Kinyarwanda ni za kutulia. Ukiwa huna bajeti ya gauni la hao anza na kitu kidogo, mkoba, mkanda, mtandio, kitu kimoja kizuri kinanyanyua gauni la fundi wa mtaani. Na usidhani kitenge ni cha kijijini, Aprili 2019 Dior, wale wa mitindo wa Paris, walifanya onyesho Marrakech, Moroko, na vitambaa vya wax vilitoka kiwanda cha Uniwax, Abidjan. Wao waliuza kwa bei ya kiwanja, sisi huku tunaambiwa kitenge ofisini ni Ijumaa tu, haya.

Feki nisemeje. Mkoba wa jina kubwa wa Kariakoo kila mtu anajua ni wa Kariakoo, hata konda. Mkoba wa ngozi ya ng'ombe usio na jina, umeshonwa na fundi wa kobazi, unakaa miaka kumi.

Mtandaoni kwa haraka: usichague kwa M na L, chagua kwa sentimita, fungua ile jedwali, linganisha na zile namba za nguo yako ulizopima mwanzo kabisa, gawa kwa 2.54 kama umezoea inchi. Soma picha za wanunuzi, sio za muuzaji. Kama hakuna hata mmoja aliyeweka picha, pita.

Ukishakuwa na kitambaa na mtindo, ndo unakwenda kwa fundi, na hapa nawauza wenzangu. Mpelekee picha tatu sio moja, moja ya mbele, moja ya nyuma, na moja ya nguo yako mwenyewe inayokukaa vizuri, au mpelekee nguo yenyewe. Mwambie kitu gani kwenye picha unakitaka, mkono tu? shingo tu? Maana picha nzima huenda inamfaa mwenye urefu wa mwanamitindo Flaviana Matata na wewe ni futi tano na viatu. Tarehe umdanganye, sherehe ikiwa tarehe 20 mwambie 13, sote tunajua kwamba unadanganya na tunajua kwamba tutachelewa, ila angalau tunachelewa ndani ya muda. Mlipe nusu. Usimlipe yote, hata akiapa, hata mimi usinilipe yote. Na umwambie tangu siku ya kwanza kwamba utakuja kujaribu likiwa limeungwa kwa uzi wa mkono kabla ya bitana, akikataa tafuta mwingine, kwa sababu gauni lililokwisha shonwa na kupigwa ovaloki halina pa kuongezea. Mwambie pia aache inchi moja ndani kila upande. Mwili wa Januari na wa Desemba sio mmoja.

Siku ya kujaribu usisimame tu mbele ya kioo ukageuka geuka. Kaa kwenye kiti, uone kama linapanda mpaka wapi. Nyanyua mikono kama unacheza. Inama kama unaokota pochi. Panda ngazi mbili, kama hakuna ngazi panda kwenye kistuli cha fundi, hiyo ndo daladala. Pumua pumzi ya pilau. Mtu mwingine akupige picha kwa nyuma na kwa pembeni, maana kioo cha fremu kinaonyesha mbele peke yake na wageni wengi ukumbini watakuona mgongo. Kikivuta mahali, usiambiwe kitalegea chenyewe, hakilegei, mistari ya kuvuta inayoelekea kwenye kwapa maana yake kifua kimebana, inayolala kama tabasamu chini ya tumbo maana yake hipsi zimebana, mwonyeshe kwa kidole na azitoe zile inchi za ndani ulizomwambia aache.

Likikukaa, lipa nusu iliyobaki, na mabaki ya kitambaa udai usione aibu. Kile kipande cha nusu yadi ndo kilemba chako. Fundi akikwambia kimeisha chote, Jumapili pita karibu na kwake uangalie mtoto wake kavaa nini.